Naomba ushauri: maili za ndege, nimkatie mama bizinesi aende Umra au twende wawili ekonomi?

MtotoWaWete
Assalaam alaykum jamaa. Nimekwama na siku zinakwenda mbio, naomba mnisaidie fikra.

Kuna maili elfu tisini, zile pointi za msafiri zinazogeuzwa tiketi, kwenye akaunti ya shirika moja la ndege linalotua hapa Unguja. Mwisho wa mwezi huu zinakufa. Mama yangu yuko Wete, magoti yamemchoka, akikaa kitako muda mrefu hanyanyuki mpaka ashikwe mkono. Hamu yake ya siku zote ni Umra. Nimepiga hesabu nikaona njia mbili: nimkatie yeye peke yake bizinesi, Unguja mpaka Jeddah na kurudi, apate kile kiti kinacholala, au nikate ekonomi mbili niende naye. Kodi na tozo za uwanja nitalipa mwenyewe.

Ipi bora? Na nikingoja wiki moja zaidi, nafasi za maili zitakuwepo?

BintiMlandege
Wa alaykum salaam. Nendeni wawili. Mama yangu alikwenda na kundi, watu wazima watupu. Siku ya pili alitoka msikitini kwa mlango sio, simu imezima chaji, akazunguka tokea Alasiri mpaka karibu na Isha. Aliyemrejesha hotelini ni kijana wa Kisudani aliyesoma kadi aliyovaa shingoni. Sisi huku Mlandege tulikuwa tunalia tu, kila tukipiga simu haipatikani. Hicho kiti cha kulala kitamfaa nini mtu akiwa peke yake kwenye umma ule?

UstadhChukwani
Kabla ya kiti kulala au kutolala, mahramu wake nani? Mwanamke hatoki safari ya ibada peke yake. Wewe ndiye mwanawe, wewe ndiye mahramu. Swali lako limeshajibika.

DawatiLaTiketi
Ustadhi, kwa upande wa serikali ya Saudia jambo hilo lilibadilika. Tokea 2022 walitangaza kuwa mwanamke anaweza kuingia kwa Hija na Umra bila ya mahramu. La kidini mtazungumza nyinyi wenye elimu. Mie kazi yangu kukata tiketi, nitasema la tiketi.

MtotoWaWete, kwanza tazama njia. Ukipita Addis Ababa, kila kipande ni saa mbili tatu hivi, na kwenye ndege ndogo kiti cha bizinesi mara nyingi kinaegemea tu, hakilali. Utachoma maili nyingi kwa siti pana na chakula cha kwenye sahani. Ukipita Doha, kipande cha kwanza ni karibu saa sita, hapo kulala kuna maana. Lakini angalia aina ya ndege iliyopangwa siku hiyo. Ile bizinesi yenye mlango wa kufunga, ambayo Qatar waliitoa 2017, haimo kwenye kila ndege yao. Watu wanakata tiketi kwa kutazama picha, wakiingia ndani wanakuta kingine.

Pili, magoti. Wilchea, kile kiti cha magurudumu, ni bure kwa abiria wa daraja lolote. Iombe mapema, pale pale unapokata tiketi. Atapokewa kaunta mpaka mlango wa ndege, na Jeddah hivyo hivyo. Sema wazi kama hawezi ngazi, kwa sababu anayechoka kutembea na asiyeweza kupanda ngazi wanaandikwa alama tofauti. Ukimwandika vibaya atafika chini ya ngazi za ndege aambiwe apande. Mwombee na siti ya kando ya njia, karibu na choo.

Tatu, nafasi. Siti za bizinesi ni chache, na shirika linazotoa kwa maili ni zile tu linazoona hazitapata mnunuzi. Leo zipo mbili, kesho hakuna. Zamani kulikuwa na jedwali: safari hii maili kadhaa, basi. Mashirika mengi yameliacha, bei ya maili sasa inapanda na kushuka na bei ya pesa. Flying Blue, programu ya maili ya Air France na KLM, wako hivyo tokea 2018. Kwa hiyo ndiyo, kungoja kuna hatari yake.

Swali dogo: akaunti ina jina la nani?

MtotoWaWete
Ahsante sana Dawati, hili la wilchea sikulijua. Akaunti haina tatizo, imeili na neno la siri ninavyo vyote. Mie nilikuwa naelemea bizinesi, nimeshamwambia mama kuwa atalala njiani. Sasa mmenichanganya.

Kaskazini_A
Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Nungwi, nisikilizeni. Bizinesi ya zamani ilikuwa ya wakubwa wanaolipiwa na makampuni yao. Siku hizi maharusi wanaofikia kwetu wanajilipia wenyewe, au wanakuja kwa pointi. Walikuja mwalimu wa skuli na mkewe kutoka Marekani, wamelala bizinesi mpaka hapa, walicholipa ni kodi tu. Nikamuuliza vipi. Akanambia kila kitu nyumbani kwao wananunua kwa kadi ya benki, mpaka maziwa ya mtoto, na kila senti inageuka pointi. Safari zenyewe hawaendi nyingi.

Ndiyo maana mashirika yanabadilisha ndege zao. Daraja la kwanza linaondolewa, bizinesi inawekewa milango, na katikati kumeingizwa lile daraja baina ya ekonomi na bizinesi. Hata Emirates nao wanalo sasa. Pesa ziko mbele ya ndege. Kijana, mpeleke mama yako mbele, na yeye aonje.

NahodhaWaMkoani
Akishaonja huko mbele, halafu arudi apande boti ya Mkoani, atamuuliza kondakta kiti kinalala kwa kubonyeza wapi 😀

Lakini yakhe, Dawati kakuuliza akaunti ya nani, wewe umejibu neno la siri unalo. Hata aliyeokota simu ya mtu anaweza kuwa na neno la siri. Ya nani?

MtotoWaWete
Sikulileta hilo kwa sababu silo ninalouliza.

Akaunti ni ya bosi wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na alipokuwa na nguvu zake Guangzhou ya China kwake ilikuwa kama kwenda Bububu hapa jirani. Alikuwa na kadi ya dhahabu ya shirika, ile ya wasafiri wa mara kwa mara. Tiketi zake zote nimekata mimi. Maili ambazo hazikuingia nilizidai mimi, natuma vipande vya bodi pasi kimoja kimoja mpaka zinaingia. Yeye mwenyewe aliniambia, "hizo pointi shughulika nazo wewe, mie sizijui." Sasa yuko Muscat kwa matibabu. Hajui hata kama zinaisha. Tarehe ikifika zinafutwa, hapati yeye wala mimi. Kitu kinachokwenda kutupwa, nikikiokota nampunguzia nini?

Na mama ameshaambiwa. Ameshashona mabaibui mawili, ameshaanza kuaga majirani. Hilo haliwezi kurudi nyuma.

UstadhChukwani
"Shughulika nazo" na "zichukue" ni maneno mawili mbalimbali, nawe unajua. Hiyo ni amana. Mama yako anakwenda kusimama mbele ya Al-Kaaba kuomba maghufira, na nauli iliyomfikisha mwenyewe hajaitolea idhini. Yeye hana kosa, hajui. Unayejua ni wewe.

WakiliWaBaraza
Ustadhi, tusiende mbio. Someni masharti ya programu hizi. Nyingi zinasema wazi kuwa maili si mali ya mwanachama, ni za shirika, na mwanachama haruhusiwi kuziuza. Kama si mali ya bosi, kachukuliwa nini? Kinachofutwa tarehe moja bila ya mtu kulipwa hata senti hakiitwi mali.

DawatiLaTiketi
Wakili, umesoma nusu. Umiliki hana, lakini haki ya kuzitumia anayo, na haki hiyo ina jina lake. Na usiseme hazina thamani. Programu hizi zilianza kuenea na AAdvantage ya American Airlines, 1981, wakati huo ni njia ya kumfanya abiria arudi. Leo ni biashara yenyewe: shirika linaziuzia benki maili, benki zinawagaia wateja wao, ndiyo yule mwalimu wa Kaskazini_A. Mwaka 2020 abiria walipokauka, United ya Marekani iliweka programu yake ya maili rehani ikakopeshwa mabilioni ya dola. Benki haikopeshi juu ya hewa.

Turudi kwa mama, maana ndiye atakayekuwa njiani. Tiketi ya maili imefungwa na akaunti iliyoitoa. Bosi au mkewe akifungua akaunti, akaona jina asilolitarajia, akapiga simu shirikani, tiketi inaweza kufutwa hata kama safari imeshaanza. Fikiria mama yuko Makka, ameshamaliza Umra yake, tiketi ya kurudi haipo, na anayetakiwa kulieleza shirika ni mgonjwa aliyeko Muscat. Zipo programu ambazo huwezi hata kumkatia mtu mwengine mpaka jina lake liandikishwe kwanza. KrisFlyer ya Singapore wanaruhusu majina matano tu. Wamefanya hivyo kwa sababu ya mambo haya haya.

Mtafiti_Chake
Mie naona tunachezewa. Kasema bosi ana kadi ya dhahabu na maili zinakufa. Kwenye Flying Blue, na kwenye Miles & More ya Lufthansa, mwenye kadi ya juu maili zake hazifi. Halafu akaunti za siku hizi ukitaka kutumia maili inakuja namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenyewe. Bosi yuko Muscat na simu yake, namba anaisoma nani? Na mama wa Wete, magoti, mabaibui, kila kitu kimekaa mahali pake. Ama hii hadithi imetungwa, ama huyu ni dalali wa maili anatafuta wateja. Ngojeni, kesho atasema "aliye na haja ani-PM".

BintiMlandege
Kweli hata mie nimeanza kuingiwa na shaka. Tumemtolea siri zetu hapa bure?

NahodhaWaMkoani
Kama ni mtu wa Wete kweli, gari ya Chake namba ngapi?

MtotoWaWete
606. Na ya Mkoani 603, kama unataka kujua zaidi.

Mtafiti, kadi *ilikuwa* ya dhahabu. Amesita kusafiri tokea maradhi yalipomshika, kadi ikateremka, na ilipoteremka ndipo maili zilipoanza kuhesabiwa siku. Na simu iliyoandikishwa si yake ya mfukoni, ni ya dukani. Ni ile ndogo ya batani, mfuniko wa betri umelegea tumeufunga kwa raba ya manjano, inakaa kwenye mtoto wa meza chini ya daftari la madeni. Ujumbe wa benki unaingia hapo, wa bandarini unaingia hapo, na namba za shirika la ndege zinaingia hapo. Ufunguo wa mtoto wa meza ninao mimi. Siuzi kitu, na PM sitaki.

NahodhaWaMkoani
Raba ya manjano haitungiki. Mie namwamini.

Mtafiti_Chake
Basi nami nakuamini, na sasa ndiyo naona uzito wake. Mtu amekuachia ufunguo wa mtoto wa meza wenye simu, benki na madeni ndani. Hakukuachia kwa sababu hajui thamani ya vilivyomo.

MtotoWaWete
Mnanifanya mwizi. Mwaka mzima anaumwa, duka sijalifunga hata siku moja, na mshahara ni ule ule. Kama angekuwa hapa angenipa mwenyewe, nina hakika.

BintiMlandege
Kama una hakika, mpigie. Mwanangu, mtu mgonjwa yuko ugenini, unamwomba kitu kilichokuwa kinapotea umpeleke mama yako akamwombee dua kwenye nyumba ya Mungu. Yupi atakayekataa?

MtotoWaWete
Na akikataa? Akisema apewe mwanawe aliyeko Dubai? Sasa hivi hajui, nikimwambia ndiyo nimempa kujua. Mama nitamwambia nini, na majirani wameshamwagiza tasbihi na maji ya Zamzam?

DawatiLaTiketi
Utamwambia safari imesogea. Watu wazima wanasogezewa safari kila msimu hapa dawatini kwangu, kwa visa, kwa pesa, kwa maradhi, na wanakwenda baadaye.

Lakini mwombe kwa namna itakayomrahisishia kukubali. Usimwombe maili elfu tisini. Mwambie: zinaisha tarehe fulani, baadhi ya mashirika yanakubali kurefusha muda kwa ada, nakuulizia kama na letu linakubali, naomba za siti moja ya ekonomi ya mama, yangu nitanunua kwa pesa zangu. Hapo unamwokolea sehemu ya maili zake, na unachoomba ni kidogo. Akikubali, mwambie akuandikie ujumbe, hata mstari mmoja, uuweke. Mkewe au mwanawe akiuliza kesho, una jibu.

MtotoWaWete
Siti yangu nikinunua kwa pesa ni ile akiba ya kuezekea.

Nitampigia baada ya Isha, Muscat itakuwa saa moja mbele, atakuwa hajalala. Ila lazima niseme: ile siti ya bizinesi ya mama nimeshaishikilia tokea jana usiku. Shirika limenipa mpaka kesho saa nne asubuhi kuikamilisha.

DawatiLaTiketi
Iachie kabla hujampigia. Usiongee naye na siti iko mkononi, utamsukuma. Ekonomi zipo, nimetazama mfumo sasa hivi, wiki mbili zijazo Jumanne na Alhamisi kumefunguka. Jina la mama liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wilchea ya asiyeweza ngazi. Na zile kodi za uwanja lipa kwa kadi yako, usiguse ya duka.