Nimetoka jeshini na nishani, meneja wa yadi anataka niivae kwenye tangazo la magari. Naombeni ushauri

Kombati Kuukuu:
Wakuu, heshima zenu. Niko Marekani, nimelitumikia jeshi la huku, nikapelekwa Afghanistan na nikarudi na nishani ya Bronze Star. Sasa nimevua kombati, nauza magari kwenye yadi moja, mapya na yaliyotumika. Mshahara wa maana hakuna. Unapewa advansi, ukiuza inakatwa kwenye kamisheni, usipouza unabaki na deni la bosi.

Kazi yenyewe naanza kuizoea. Shida ni meneja wa mauzo: anataka tupige video nikiwa mbele ya pickup na sare kamili, nishani kifuani, niseme "nililinda nchi, sasa nalinda mfuko wako". Mke wangu alicheka mpaka machozi, halafu akanyamaza. Nishani yangu inakaa kwenye droo ya soksi. Tulikuwa wanne kwenye gari siku ile, tukarudi wawili. Lakini mwenye nyumba naye anataka kodi yake. Nifanyeje?

Mzee wa Spana:
Vaa mkuu. Hujaiazima, umeitolea jasho. Wenzako hapo wanauza kwa sura tu.

Binti Saba:
Kaka, asikudanganye mtu. Kanuni ya sare, AR 670-1, inakataza kuivaa kwa ajili ya biashara, na hiyo uliisoma mwenyewe ukiwa kikosini. Historia yako unaweza kuisimulia upendavyo, ila sare ibaki kabatini. Mpelekee meneja kipengele hicho, hutalazimika hata kumweleza habari za droo ya soksi.

Kipanga wa Zamani:
Kombati, umewahi kumsikia muuzaji magari Cal Worthington? Watajie jina hilo watu wazima wa California, wataanza kuimba wimbo wa tangazo lake hapohapo.

Alizaliwa Oklahoma mwaka 1920 kwenye familia fukara, shule akaiacha mapema. Vita vya Pili vya Dunia akarusha B-17, ndege ya kudondosha mabomu, mara 29 juu ya Ujerumani, enzi ambazo kurudi salama ilikuwa bahati. Akapata nishani ya Air Medal mara tano, juu yake Distinguished Flying Cross. Vita vilipoisha akataka kurusha ndege za abiria, ila digrii hana, mlango ukafungwa licha ya nishani zake zote. Akanunua kituo cha mafuta kule Corpus Christi, Texas, hakikumtoa. Ndipo akaanza kuuza magari yaliyotumika kwenye kiwanja cha vumbi. Baadaye akahamia California kuuza magari ya Hudson, na akaiwahi televisheni wakati wengine bado wanaishangaa.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na muuzaji mshindani aliyekuwa anatokea kwenye matangazo na mbwa. Cal akajibu kwa mzaha: akaja na "mbwa wangu Spot", na huyo Spot leo ni chui milia, kesho tembo, keshokutwa kiboko. Yeye na kofia yake ya kikauboi. Hadi juu ya bawa la ndege alisimama! Rubani mwenye Distinguished Flying Cross anajifanya kichekesho ili watu waje kununua Ford. Alifariki 2013 akiwa na miaka 92, na kinachokumbukwa na watu ni wale wanyama na ule wimbo.

Mteja wa gari anakuja na hofu moja tu, kupigwa. Akikuta nishani kifuani anaona haya kupatana bei na shujaa. Siku hiyo utauza, sikatai. Wiki ijayo atamwambia shemeji yake kwamba yule mwanajeshi kampiga, na hapo huna cha kujitetea.

Mzee wa Spana:
Cal alikuwa na yadi yake mwenyewe. Huyu ni mwajiriwa na ana deni la advansi. Tusimfananishe.

Kipanga wa Zamani:
Hapo umenena. Basi tumchukue Joe Girard wa Michigan, mwajiriwa kama yeye. Aliingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuuza magari 13,001 kati ya 1963 na 1978, moja moja, kwa mkono wake. Silaha yake ilikuwa kadi za salamu: kila mwezi wateja wake wanapata kadi, wawe wananunua au hawanunui. Kombati, tunza daftari la wateja kuanzia leo.

Binti Saba:
Na kwenye magari yaliyotumika, ile karatasi ya Buyers Guide ya dirishani, inayosema kama gari lina waranti, msomee mteja kabla hajauliza. Kama gari halina waranti, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Wauzaji wengi hapo wanasimama kuikinga kwa mgongo.

Kombati Kuukuu:
Nimerudi wakuu. Kanuni nimempelekea, kaisoma na kuirudia, sare imefutwa. Nikamsimulia habari za Cal, sasa kageuka: anataka mnyama. Mke wangu amejitolea paka.

Mzee wa Spana:
Paka hapana. Ataingia chini ya boneti, mteja ataondoka naye.