Shiffrin ana ushindi zaidi ya 100, mbona Beijing 2022 alitoka kapa?

Mdau_wa_Baridi
Wakuu habari. Nimeanza kufuatilia mashindano ya skii ya milimani upande wa wanawake, na huyu Mikaela Shiffrin wa Marekani ananichanganya. Kwenye Kombe la Dunia amevuka ushindi 100, kitu ambacho hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kukifanya. Sasa Olimpiki ya Beijing ilikuwaje hadi akarudi bila medali? Na kuna wanaoshikilia kwamba Mmarekani mwenzake, Lindsey Vonn, ndiye mkali zaidi. Naomba ufafanuzi wa kiufundi, msiniambie "presha" tu.

Ukingo_wa_Chuma
Mkuu, kwanza uzichambue hizo 100. Ule wa mia aliupata Sestriere, Italia, Februari 2025, na hadi siku hiyo 63 zilikuwa za slalomu (mbio za kona fupi zinazobanana) na 22 za slalomu kubwa (kona zimeachana zaidi). Supa-G (kona pana, mwendo mkali) zilikuwa 5, daunhili (mteremko wa kasi kuliko zote) 4. Yaani nguvu yake iko kwenye kona fupi. Dhahabu za Olimpiki za 2014 (slalomu, Sochi) na 2018 (slalomu kubwa, PyeongChang) hazimo kwenye hesabu hiyo, maana Kombe la Dunia ni ligi ya msimu mzima inayojitegemea.

Slalomu ndiyo inayosamehe kidogo kuliko zote. Kutoka mti mmoja wa kona (nguzo iliyochomekwa kwenye theluji) hadi mwingine haizidi mita 13, na skii za wanawake zinaanzia sentimita 155 tu. Ncha zote mbili za skii na miguu yote miwili lazima ivuke mstari wa geti, yaani njia iliyowekewa miti ambayo ni lazima uipitie. Ncha moja ikipita upande usio wake, umeondolewa, hata kama saa inaonyesha unaongoza. Anayeshinda hupitisha miguu karibu kabisa na mti huku akiuangusha kwa mkono au kwa kinga ya mguuni. Akienda mbali na mti anapoteza muda, akiukaribia kupita kiasi ncha inanasa.

Beijing alishindwa kumaliza mara tatu: slalomu kubwa, slalomu, na ile slalomu ya mashindano ya mchanganyiko (daunhili na slalomu kwa pamoja). Hizo mbili za kwanza aliondoka sekunde chache tu baada ya kuanza, raundi ya kwanza kati ya mbili. Kosa la aina hii huanza na uzito. Kwenye kona, mzigo mkubwa unatakiwa ukae kwenye skii ya nje. Mwili ukilalia ndani mapema, skii ya nje inakosa mgandamizo, ukingo wake wa chuma unaachia barafu, nyonga inagusa theluji na safari imeishia hapo. Kwenye slalomu, ukichelewa geti moja, la pili unachelewa zaidi, la tatu hulifikii. Alizomaliza hazikuwa aibu, ila hazikuwa za medali: wa 9 supa-G, wa 18 daunhili.

Fundi_Tupa
Naongezea upande wa vifaa. Mlima wa mashindano huingizwa maji chini ya theluji kwa mabomba yenye pua nyembamba ili ugande uwe barafu. Vinginevyo anayeteleza wa arobaini angekuta mashimo. Ukingo wa pembeni hunolewa kwa tupa hadi nyuzi 87 au 86, na wa chini huinuliwa kama nusu nyuzi. Kwenye barafu ukali huo ndio unaokushikilia. Kwenye theluji kavu ya mashine, ya baridi kali, skii hiyohiyo inaweza kung'ata kupita kiasi ikakataa kuachia mwisho wa kona. Fundi mzuri hupunguza ukali kidogo kwenye ncha na mkiani.

Mdau_wa_Baridi
Shukrani sana. Na Vonn je? Halafu taji la jumla linahesabiwaje?

Ukingo_wa_Chuma
Vonn alipostaafu 2019 alikuwa na 82, na 43 kati ya hizo ni daunhili. Huko skii ni sentimita 210, mwendo unapita kilomita 120 kwa saa, na ni raundi moja tu. Ukiniuliza mimi, wanaowashindanisha wanalinganisha kazi mbili tofauti. Rekodi ya Mswidi Ingemar Stenmark ya ushindi 86 ndiyo kipimo cha haki kwa Shiffrin, kwa sababu naye alikuwa wa slalomu na slalomu kubwa. Shiffrin aliivuka Åre, Sweden, Machi 2023.

Taji la jumla ni pointi za msimu mzima zikijumlishwa: wa kwanza 100, wa pili 80, wa tatu 60, kisha 50, 45, 40, kushuka hadi wa 30 anayepata 1. Kuanguka ni sifuri. Piga hesabu: ushindi mara mbili na kuanguka mara moja ni 200, kuwa wa pili mara tatu ni 240. Kwa hiyo msimu wa 2018/19, aliposhinda mara 17, kilichowaumiza wenzake zaidi ni kwamba hata siku asiyoshinda alikuwa akiokota pointi.

Bandari_Kuu
Tusimsahau Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya PyeongChang 2018. Kwa nini wa kiwango chake huanza nyuma kabisa?

Fundi_Tupa
Namba hupangwa kwa viwango. Kwenye slalomu, saba bora hugawiwa namba 1 hadi 7 kwa bahati nasibu, wanaofuata 8 hadi 15 vilevile, wengine nyuma kwa pointi zao. Mwenye namba 55 anakuta mitaro imeshachimbika kila geti, na lazima aingie 30 bora ili ateleze tena. Akiingia, mambo yanageuka: raundi ya pili wa 30 ndiye anayetangulia, juu ya theluji safi, na aliyeongoza anashuka wa mwisho.