Pikipiki ya mkataba ikiibwa Tanga, hasara ni ya nani?

Mleta mada, Ngamiani
Wakuu, mikataba mingi ya bodaboda hapa mjini ina mstari mmoja tu kuhusu wizi: "Pikipiki ikipotea dereva atalipa." Haisemi pikipiki ilazwe wapi, ifungwe kwa kitu gani, wala hicho cha kufungia kinunuliwe na nani. Dereva anapeleka hesabu ya 10,000 kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila siku akitegemea pikipiki ije iwe yake. Ikiibwa mwezi wa tisa wa mkataba, kazi imekwenda, alizokwisha kulipa zimekwenda, na deni liko palepale. Msimamo wangu ni kwamba tajiri anayetaka dereva abebe hasara aikabidhi pikipiki ikiwa na ulinzi wake kamili. Anayepinga aseme.

Mmiliki, Chumbageni
Napinga, mwanangu. Pikipiki mpya inakaribia milioni 3, na wengi wetu tumeinunua kwa mkopo wa VICOBA. Anayeshinda nayo na kulala nayo ni dereva. Mzigo wote ukiwa wangu, nani atajisumbua kufunga kufuli saa 8 za usiku? Tena nyingi zinaondoka bila kuvunjwa kitu. Dereva kachoka, kampa deiwaka, yaani dereva wa kumshikia kwa siku, asiyemjua kwao, apige mpaka jioni, jioni hakuna mtu wala pikipiki. Au kaacha ufunguo kwenye swichi kaingia kununua mhogo. Huo ni uzembe, na uzembe una mwenyewe.

Fundi umeme wa pikipiki, Makorora
Shikamoo mama. Kwa deiwaka uko sahihi kabisa. Ila tusimhukumu dereva kwa kuwa "hakufunga" wakati alichopewa ni ufunguo tu, maana ufunguo si ulinzi. Pikipiki nyingi za bei nafuu zina CDI (kisanduku kinachopeleka moto kwenye plagi) ya AC, isiyotegemea betri. Swichi ikizimwa, kinachofanyika ni waya wa kuzimia kupelekwa arthi. Waya huo ukitengwa, plagi inapata moto hata betri isipokuwepo. Loki ya usukani nayo ni kipini chembamba kisichostahimili nguvu ya mtu mzima. Dereva anaweza kutimiza yote aliyoambiwa na pikipiki ikaondoka.

Pesa ya kwanza iende kwenye mnyororo. Ile ya pete za milimita 6 inakatika kwa mkasi wa kawaida wa nondo, achaneni nayo. Nunueni wa milimita 10 kwenda juu, chuma kigumu ambacho tupa inateleza juu yake bila kukila. Kufuli liwe na shingo fupi iliyozama kwenye mabega ya kufuli lenyewe, mkasi ukose pa kushika. Pitisha mnyororo kwenye tairi la nyuma pamoja na fremu. Tairi la mbele linatoka kwa kufungua nati ya ekseli, mtu anakuachia tairi na mnyororo wako. Na usiulaze chini: ukigusa sakafu, mwizi anaegemeza mpini mmoja wa mkasi hapo na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili mzima. Kufuli za diski hazina kazi kwenye breki za ngoma, na vijiweni ngoma ndizo nyingi.

Mnyororo usiofungwa kwenye kitu kisichohama unazuia kuendesha tu. Watu wawili wanaibeba pikipiki juu juu mpaka kwenye bajaji ya mizigo. Uani chimbeni shimo la sentimita 50 kwenda chini na 30 upana. Kunjeni nondo ya milimita 16 iwe umbo la U, ncha zake zipindwe kwa nje ili isichomoke, mwageni zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mlimwagilie maji siku 7 kabla ya kuitumia. Grainda itaikata, lakini itaamsha mtaa.

Jambo la Tanga hasa ni chumvi. Raskazone, Sahare na Mwambani kufuli linashika kutu kwa ndani, linakuwa gumu, na dereva anaacha kulifunga. Usipake grisi kwenye tundu la ufunguo kwa sababu inakamata mchanga. Saga ncha ya penseli, uingize unga wake, kisha ulivishe kufuli kipande cha tyubu kuukuu.

Dereva, kijiwe cha Kange
Mmezungumzia pikipiki iliyolala. Sisi hofu yetu ni ile inayotembea. Abiria anapanda saa 5 za usiku anataka Pongwe, Kiomoni au Maweni, na mbele kuna wenzake wanasubiri. Hakuna mnyororo hapo. Kinachosaidia ni utaratibu wa kijiwe: abiria wa usiku anataja namba yake, inapigwa palepale na simu yake inaita mbele ya watu, namba inabaki kwa mwenzako pamoja na jina la unakokwenda. Mishikaki usiku hakuna, abiria mmoja tu. Ukifika unapiga simu, na usipopiga wenzako wanakufuata wakiwa zaidi ya wawili. Abiria mwema hakasiriki kuulizwa namba.

Mama yetu wa Chumbageni, naomba ulisikilize hili kwa moyo. Ule mstari wa "dereva atalipa" unaua watu. Mwenye panga akisema "shuka", la kufanya ni kushuka. Dereva anayejua kesho atadaiwa mamilioni hashuki. Anapigana.

Mmiliki, Chumbageni
Marahaba fundi. Na wewe wa Kange nimekusikia, mwanangu. Hilo la panga silibishii: uhai hauna fidia, na mkataba useme hivyo waziwazi. Lakini hiyo GPS, kifaa cha kuonyesha pikipiki iko wapi, inayosifiwa kila siku, haimalizi ubishi? Ukiifunga, nani alipe?

Fundi umeme wa pikipiki, Makorora
Kifaa na ufungaji havizidi sana hesabu ya wiki mbili, mama, na kwa kuwa kinalinda mali yako, anza wewe. Ila kikifungwa vibaya ni sawa na hakuna. Pikipiki ikiwa imezimwa kinakula kama miliampia 20, kwa hiyo betri ya 5 Ah inakauka kwa siku kumi hivi. Pikipiki isiyotembea iwashwe kila siku chache. Fyuzi ya ampia 1 au 2 iwe karibu na betri, la sivyo waya ukichubuka unaunguza harinesi (nyaya zote za pikipiki) nzima. Chini ya siti ndipo kila mtu anapotazama kwanza. Kifiche kwingine, uso wa antena utazame juu, mbele yake iwe plastiki, isiwe bati.

Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha NIDA cha mwenye pikipiki, kamwe isiwe ya fundi. MB 50 kwa mwezi zinatosha, lakini lazima ziwepo: bando likiisha kifaa kinanyamaza na hutajua mpaka siku ya msiba. Sisi tuko jirani na mpaka. Pikipiki ikivuka Horohoro kuingia Lunga Lunga na laini haina rominga, ramani inaishia hapo. Kwa hiyo tegeni uzio wa ramani mapema, Mabokweni, Pongwe na Tongoni, simu ilie pikipiki inapotoka mjini na si inapokaribia mpaka.

Rilei ya kuzimia, swichi inayozima injini ukituma amri kwenye GPS, ndiyo inayofungwa vibaya zaidi. Kwenye CDI ya AC, fundi akikata waya wa volti 12 injini haizimi. Rilei inatakiwa iupeleke waya wa kuzimia arthi.

Fundi, Duga
Nakuunga mkono ila uimalize. Kwenye CDI ya DC, inayotumia umeme wa betri, wengi wanaunganisha miguu ya rilei yenye namba 30 na 87a kwa sababu ni rahisi: umeme unapita muda wote, unakatika ukituma amri. Maana yake mwizi akikichomoa kifaa, pikipiki inawaka kama kawaida. Mimi nasimamia 30 na 87, ambapo umeme unapita kifaa kikiwa kinaishikilia rilei tu: bila kifaa hakuna moto.

Fundi umeme wa pikipiki, Makorora
Hapo tunatofautiana, kaka. Kwa 87 kifaa kikifa, dereva anazimikiwa katikati ya barabara ya Segera na malori nyuma yake. Usalama wa mtu kwanza. Na hata kwa 87a, amri ya kuzima itumwe pikipiki ikiwa imesimama au iko chini ya kilomita 20 kwa saa, maana aliyeshika usukani anaweza kuwa dereva mwenyewe, ametekwa.

Muuza spea, Ngamiani
Ongezeni alama. Pikipiki ya wizi mara nyingi inauzwa vipande, na kipande hakina namba. Piga namba ya usajili kwa patasi za namba za milimita 3 kwenye rimu zote mbili, chini ya tangi, na mahali pa siri unapopajua wewe tu. Namba ya chesisi iko kwenye shingo ya fremu, tarakimu na herufi 17. Bajaj za India huanza MD2, TVS huanza MD6. Ipigwe picha pamoja na namba ya injini siku ya makabidhiano, kwa sababu polisi wataziuliza kabla ya kukupa RB, namba ya taarifa yako kituoni. Na kadi iwe imehamishwa TRA. Kadi ikiwa na jina la aliyekuuzia, utapata tabu kuthibitisha kuwa ni yako hata ikipatikana.

Bima ndogo hailipi wizi. Kubwa inalipa, ila someni masharti: pikipiki iliyoondoka na mtu uliyemkabidhi mwenyewe kwa kawaida haimo.

Msaidizi wa sheria, Muheza
Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza yake. Akifanya hivyo, upotevu si wake, isipokuwa mkataba umesema vingine. Ule mstari mmoja ndio huo "vingine". Dereva akiusaini ameiacha kinga aliyokuwa nayo bure.

Mleta mada, Ngamiani
Basi napendekeza maneno haya: "Mmiliki atatoa mnyororo, kufuli na GPS. Dereva atafunga kila anaposhuka na kulaza pikipiki kwenye ua uliotajwa. Ikiibwa ikiwa imefungwa, hasara nusu kwa nusu. Ikiporwa kwa silaha na dereva akaripoti ndani ya saa 3, hadaiwi. Ikiibwa ikiwa haijafungwa, dereva atalipa."

Mmiliki, Chumbageni
Nusu kwa nusu naipokea. Nondo ya uani niione kwa macho yangu. Kwa deiwaka sitoi hata senti.

Dereva, kijiwe cha Kange
Haki yako, mama. Ila dereva anaumwa, anafiwa, na hesabu yako hailali. Deiwaka mmoja aandikwe jina na namba ya NIDA kwenye mkataba, umwone na umkubali. Ikipotea kwa huyo, iwe sawa na kupotea kwangu. Ikipotea kwa mwingine, nilipe yote.

Mmiliki, Chumbageni
Awe na mdhamini wake mwenyewe, na mdhamini asiwe wewe. Hapo nasaini.