Natuma pampu ya haidroli ya kilo 46 kama kifurushi: nifungeje isivunjike njiani?

mwenye_pampu

Wakuu, habari zenu. Nina pampu ya haidroli ya mashine ya kuchimbia, ile ya pistoni, kilo 46 kwenye mizani. Inabidi iende nje ya nchi kwa mafundi wanaokarabati aina hiyo, na kampuni ya vifurushi imekubali kuibeba. Mwili wake ni chuma cha kusubu. Shafti imechomoza mbele kama urefu wa kidole, na nyuma kuna vali ndogo ya kurekebisha mgandamizo, yenye kichwa cha alumini. Hicho kichwa ndicho ninachokihofia zaidi.

Nilichopanga ni katoni mbili nene, moja ndani ya nyingine, nailoni ya mapovu kadiri itakavyoingia, halafu mapengo niyajaze chenga za stairofomu. Mtu wa kaunta ameniambia inatosha, ila pampu yenyewe hajaiona. Moyo wangu haujatulia, maana pampu hii ikipasuka mashine nzima inalala. Katoni inafaa kweli? Na oili iliyobaki ndani niifanyeje?

mkerezaji

Mkuu, mimi niko upande wa kupokea. Karakana yetu inaletewa pampu, giaboksi na silinda hedi kwa njia hiyohiyo unayotaka kuitumia, kwa hiyo mwisho wa safari nauona kila mara. Nakuomba sana, katoni achana nayo.

Kilo 46 zikilalia nailoni ya mapovu, mapovu yanapasuka kabla gari halijatoka getini. Chenga za stairofomu nazo husogea pembeni kila gari linapotikisika, chuma kinazama taratibu mpaka kinagusa katoni. Tumewahi kupokea pampu ambayo shafti ilikuwa imetoboa katoni zote mbili, na waliokuwa wakiishusha walikuwa wameishika kwa shafti hiyo, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kushika. Tulipoifungua, beringi ya mbele ilikuwa na vishimo kwenye njia ya gololi, kimoja mkabala na kila gololi, vimepangana kwa nafasi sawasawa. Ukipitisha kucha unavisikia. Hayo ni mapigo yaliyoingia kupitia shafti. Mwenyewe alikuwa ameileta kubadilishwa oili sili tu, ule mpira unaozuia oili isivuje.

Kinachotakiwa ni kwamba pampu isisogee hata kidogo ndani ya boksi, na boksi likianguka pigo lipokelewe na mwili mnene wa chuma, shafti isihusike kabisa. Pampu yako ina flenji, ule ukingo mpana wenye matundu ya kufungia kwenye injini. Yatumie hayohayo. Chukua plaiwudi ya milimita 18, bandika vipande viwili kwa gundi na skrubu, toboa tundu la katikati la kupitisha shafti na matundu ya boliti kufuata flenji. Ubao huo usimame wima juu ya kitako cha unene uleule, ukazwe kwa vyuma vya pembe, au kwa vipande vya plaiwudi vya pembetatu pande zote mbili. Pampu unaifunga hapo kwa boliti na nati, zenye washa pana upande wa mbao. Washa ndogo zinazama kwenye plaiwudi na boliti inalegea njiani. Skrubu za mbao peke yake haziwezi kushika uzito huo.

Nyuma ya pampu kunahitaji egemeo, la sivyo flenji ndiyo itakayobeba mzigo wote. Kata ubao wenye mkunjo unaofuata mwili wa pampu, weka kipande cha mpira katikati, halafu uvute mkanda wa chuma juu yake. Kati ya ncha ya shafti na ukuta wa boksi acha nafasi ya vidole vinne, na nafasi hiyo ibaki tupu. Usiijaze sponji. Sponji ikibanwa inageuka kuwa njia ya pigo kufika kwenye shafti.

Kuhusu vali: kama inatoka nzima kwa boliti zake za nje, itoe, ziba tundu kwa kibati chenye gasketi, na uifunge peke yake kwenye boksi dogo litakalokazwa humohumo ndani. Skrubu ya kurekebishia na nati yake usiiguse kabisa. Fundi wako atataka kuona ilikuwa imewekwa wapi, maana inaweza kumweleza kwa nini pampu ilikufa. Kama haitoki, basi panga ukuta wa boksi uwe mbali nayo kama ulivyofanya kwa shafti.

Oili imwage. Ilaze upande, igeuze, zungusha shafti kwa mkono huku matundu yakitazama chini, iache ichuruzike usiku kucha. Halafu mimina kikombe cha oili safi ya haidroli, zungusha tena ili pistoni na sahani zipate utando, umwage iliyozidi. Nyuso za ndani za pampu ya pistoni zimesuguliwa hadi zinang'aa kama kioo, na unyevu wa bohari unatosha kuziotesha kutu. Matundu yote yazibwe kwa vizibo vya kukaza kwa kuzungusha, vya plastiki au chuma. Matambara hapana! Tambara linaachia nyuzi, na kuna watu hulisahau ndani. Selotepu nayo inaacha gundi palepale inapokaa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba.

Shafti ipake grisi, izungushie karatasi ya kuzuia kutu, halafu nailoni.

karani_mizigo

Nimefanya kazi ya kupokea mizigo ya kwenda nje, naongezea ya upande wetu.

Uzito kwanza. Kampuni nyingi za kimataifa zinaishia kwenye kilo 70 hivi kwa kifurushi kimoja. Ukivuka hapo unahamia kwenye mizigo ya paleti, yenye utaratibu mwingine. Boksi alilolieleza mkerezaji, nikilikadiria sentimita 60 kwa 45 kwa 55 pamoja na miguu, kuta za milimita 12, litaongeza kama kilo 16. Jumla ni 62, bado umo ndani. Pima kabla ya kuagiza gari, na uliza kikomo cha huduma yako kwa maandishi.

Usihangaike kulibana boksi ukidhani utapunguza gharama. Kwa mizigo ya haraka ya ndege wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000, halafu wanachukua kilicho kikubwa kati ya jibu hilo na uzito halisi. Boksi lako linatoa 29.7, na mizani inasema 62. Utalipia 62 hata ukipunguza sentimita kumi, kwa hiyo ile nafasi ya vidole vinne haikugharimu kitu.

Mbao. Kuna kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, inayozuia wadudu kusafiri ndani ya mbao. Mbao ghafi yenye unene unaozidi milimita 6 lazima iwe imetibiwa, kwa kawaida kwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini chake kwa dakika 30 mfululizo, na igongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano. Plaiwudi haihusiki, kwa kuwa imetengenezwa kwa gundi, joto na mgandamizo. Wengi wanatengeneza boksi zuri la plaiwudi halafu chini wanapigilia miguu ya mbao yoyote waliyoiokota, na mzigo unazuiwa kwa ajili ya miguu.

Fidia. Kwa mizigo ya ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unahesabu fidia kwa uzito, siyo kwa thamani ya kitu. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa ni kipimo cha fedha cha IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa kilo 62 ni SDR 1,612, na inawezekana pampu yako inazidi hapo. Tangaza thamani au kata bima, na usome sehemu inayohusu ufungaji, maana madai mengi hufa hapo: mzigo ukionekana haukufungwa vya kutosha, bima hailipi. Piga picha kila hatua, boliti zikiwa zinaonekana.

Kwenye ankara usiandike "vipuri". Andika "pampu ya haidroli ya pistoni, iliyotumika, haina oili, inapelekwa kukarabatiwa na itarudi", pamoja na namba ya kwenye kibati chake. Kabla haijaondoka uliza forodha utaratibu wa vitu vinavyotoka kwa matengenezo na kurudi. Ukiuliza baada ya kurudi, unaweza kutozwa ushuru wa pampu nzima. Na boksi likiwa na dalili yoyote ya oili nje, hata tone, litawekwa pembeni, kwa kuwa aliye zamu hana namna ya kujua ni oili gani.

mwenye_pampu

Shukrani sana wakuu. Katoni nimezirudisha. Matundu ya flenji ni manne, boliti za milimita 16 zinaingia vizuri. Nina maswali mawili. Paleti kuukuu yenye ule muhuri wa suke, naweza kuikata nipate miguu? Na kifuniko nipigilie misumari au skrubu?

karani_mizigo

Ukiikata, kipande kisicho na muhuri ni mbao tu machoni pa mkaguzi. Bandika vipande vya plaiwudi mpaka ufikie kimo cha sentimita 10, uma za foklifti zipite chini. Vikaze kwa boliti zinazopenya kitako.

mkerezaji

Skrubu, mkuu, na kichwa cha aina moja kote. Forodha wakitaka kutazama watafungua kwa drili na kurudisha. Misumari wataing'oa kwa nondo, na kifuniko hakitakaa tena. Zungushia rangi skrubu zile tu za kufungulia, uandike pembeni "fungua hizi tu", ili mtu asije akalegeza zile zinazoshika ubao wa flenji. Andika uzito pande zote nne kwa tarakimu kubwa, maana mtu akiinama kuokota boksi dogo hategemei kilo 62, na mgongo wake ukistuka boksi linaachiwa. Anwani iwe na nakala ndani, kwenye nailoni, imefungwa kwenye mwili wa pampu.

Mafundi waambie boksi wasilitupe, pampu irudi nalo.