Mjadala: Ploti ya nasari katikati ya mtaa, tuitunze au tuiuze?

Ndugu zangu, naileta hoja hii hapa kwa sababu mkutano wa Jumapili iliyopita ulivunjika kwa kelele, na Jumapili ijayo tunakutana tena.

Mtaa wetu uko upande wa Lanet, hapa Nakuru. Ni wa kupangwa, si wa kujimea: ploti za futi hamsini kwa mia, barabara zimenyooka, na katikati nusu eka iliyoandikwa kwenye ramani "nasari na uwanja". Mimi nilinunua kwa ajili ya maneno hayo matatu. Dalali alitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akaweka kidole pale katikati, akaniambia, "Mwalimu, watoto wako wataenda shule bila kuvuka barabara." Kifungua mimba wangu sasa yuko sekondari. Nasari haijajengwa. Kuna magoli mawili ya miti ya mkaratusi, moja limeinama, na njia waliyoikanyaga watoto wanaokatisha kwenda dukani.

Pendekezo lililo mezani ni hili: kamati iuze nusu ya nafasi hiyo kwa mtu wa fleti, na pesa zimwage kokoto barabarani na kuchimba kisima. Wanaounga mkono si wabaya. Mvua ikinyesha bodaboda hukuachia njiani, na maji ya mkokoteni yanakula mfuko.

Hata hivyo napinga. Shamba linapogawanywa, sehemu ya matumizi ya umma inapaswa kusalimishwa, na ikishasalimishwa kaunti inaishikilia kwa niaba ya wakazi. Basi kamati itauza nini? Na kama haikusalimishwa, bado imo kwenye hati mama, ile ya shamba zima, ya aliyetuuzia, kamati vilevile haina cha kuuza. Kabla ya kubishana bei, mtu aende ofisi ya ardhi atafute. Tumekaa miaka yote hii bila kufanya hivyo, nami nimo katika lawama.

Kenya tumeshaona ploti za umma zinavyoyeyuka. Ripoti ya Ndung'u ya 2004, ya tume iliyochunguza ugawaji wa ardhi ya umma, ilikadiria hati zipatazo 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi kwa sababu ya kusukuma ukuta uliofunga uwanja wao. Huko kulikuwa na shule nzima, yenye kengele na walimu. Sisi tuna magoli mawili.

Leteni maoni.

*Mwenye ploti mbili:* Mwalimu, heshima yako ipo, lakini unatutisha na mambo ya Nairobi. Ramani ilichorwa na mtu ambaye hakujua tutakuwa wangapi. Alidhani kila ploti itakuwa na boma moja na mti wa parachichi. Leo nina nyumba kumi na sita kwenye ploti moja, na jirani yangu ana ishirini na nne. Mpango ukipitwa na hali, unabadilishwa. Watu mia wanaokwama kwenye matope ni wengi kuliko watoto thelathini wa mpira. Na hiyo nusu itakayobaki inatosha chandimu.

*Mkazi, nesi:* Kuhusu kisima, mmepima? Maji mengi ya chini ya Nakuru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinakipita. Mnayajua yale meno ya kahawia tunayotaniana nayo? Si uchafu, ni maji aliyokunywa mtu akiwa mdogo, meno yakiwa bado yanaundwa. Dawa ipo, chujio la mkaa wa mifupa, dayosisi ya Katoliki hapa Nakuru imelitengeneza miaka mingi. Lakini chujio lina gharama, na mkaa wake hubadilishwa. Hamuwezi kuuza uwanja ili mnunue meno ya kahawia.

*Mwenye ploti mbili:* Sawa dada, hilo la kupima nakubali. Barabara je?

*Mzee wa Bondeni:* Mimi si wa mtaa wenu ila nimesoma. Kiswahili kina neno ambalo lingewaokoa: wakfu. Kitu kikiwekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Faida yake ndiyo hutumika. Hata Uingereza wana mji wa Letchworth, ulioanzishwa 1903 kwa fikra za Ebenezer Howard, ambako ardhi ilimilikiwa kwa pamoja, watu wakapangishiwa, na kodi ikarudi kuhudumia mji. Mpaka leo kuna taasisi inayoishikilia. Fikirini hivyo: msiuze, pangisheni kona moja kwa vibanda, kodi iingie kwenye barabara. Polepole, lakini kila mwezi.

*Wa kutoka Webuye:* Mzee amesema vizuri, lakini nani atakusanya hiyo kodi miaka ishirini? Mimi nimekulia nyumba za kiwanda cha karatasi. Mji wetu ulikuwa umepangwa kuliko mitaa yenu yote: nyumba kwa daraja la kazi, na timu ya mpira yenye jina la kiwanda. Kila kitu kikiharibika, unaenda kwa kiwanda. Taa, kiwanda. Mfereji, kiwanda. Mwaka 2009 kiwanda kikasimama, na tukagundua hatujawahi kuitisha mkutano wetu wenyewe hata wa kuzibua mtaro. Majirani tulikuwa tunajuana kwa zamu za kazi tu. Watu wakafungasha. Kwa hiyo mkipanga kumtegemea mtu mmoja, awe mwenye fleti au mwenyekiti hodari, hesabuni siku atakayoondoka.

*Kijana wa bodaboda:* Hiyo kona ya juu tayari kuna mtu ameshusha tripu mbili za mawe. Jumanne usiku. Nyinyi endeleeni na wakfu.

*Mleta hoja:* Nimetoka kuangalia sasa hivi. Ni kweli, na bikoni ya kona, ile alama ya mpaka, imelala chini, shimo lake bado bichi. Mawe hayana mwenyewe. Kila niliyemuuliza ameniambia alidhani ni ya kamati. Hivyo ndivyo inavyoanza: mawe kwanza, halafu mabati matatu, halafu mbwa. Nimempigia chifu na mzee wa Nyumba Kumi, nimepiga picha. Lakini mniruhusu niseme kitu: mawe yameshushwa kona ya juu, kwenye nyasi ndefu. Upande wa magoli hakuna aliyethubutu. Dandora, Nairobi, mradi wa ploti ulioanza miaka ya 70, waliacha viwanja vya pamoja katikati ya nyumba, na vingi viligeuka majalala. Vijana wa Mustard Seed, kimojawapo cha viwanja hivyo, wenyewe huviita korti, ndio waliosafisha cha kwao, wakapaka rangi, wakapanda maua, wakaanza kutoza ada ya kuegesha magari. Mahali panapotumiwa kila siku pana macho mia. Kwa hiyo nabadilisha kidogo msimamo wangu: sisemi "tuitunze" tena, maana tumeitunza mpaka ikaota nyasi. Nasema tuitumie, tuanze na nasari ya mabati ikibidi.

*Mpangaji, mama wa watoto watatu:* Naomba niulize, maana nasoma "sisi" nyingi hapa. Mwalimu, ni nani "sisi"? Mimi nimepanga huu mtaa mwaka wa sita. Mkutano wenu wa Jumapili nilifukuzwa mlangoni, nikaambiwa ni wa wenye ploti. Wenye ploti wangapi wanalala hapa? Wangu yuko Eldoret, namwona kwa ujumbe wa kodi tu. Hao watoto wa magoli ni wetu, wapangaji. Nyasi za upande ule tulizifyeka sisi, mimi na mama mboga wa kona, kwa sababu nyoka alionekana. Halafu mnakuja kupiga kura uwanja wa watoto wetu uuzwe au usiuzwe, na kura zingine zinatumwa kwa simu kutoka mbali.

*Mwenye ploti mbili:* Mama, mpangaji leo yuko, kesho amehama. Huwezi kuamua mambo ya miaka thelathini na mtu mwenye notisi ya mwezi mmoja.

*Mpangaji, mama wa watoto watatu:* Baba, miaka sita. Wewe ulikuja lini mara ya mwisho?

*Wa kutoka Webuye:* Hapo sasa.

*Mleta hoja:* Mama, nilikuwa mlangoni siku hiyo, nilikuona ukirudishwa, na sikusema kitu. Nilijiambia ni katiba ya chama. Nimeifungua leo: inasema "mwanachama ni mwenye ploti", na walioiandika ni sisi watu tisa, sebuleni kwangu, tukinywa chai. Wakati huo mtaa mzima haukuwa na mpangaji hata mmoja. Nimeandika ajenda mbili za Jumapili. Ya kwanza, watu wawili waende ofisi ya ardhi kutafuta kama ploti ilisalimishwa, nauli natoa. Ya pili, kila nyumba yenye moshi iwe na kura moja, awe mwenye ploti au mpangaji. Nimemtumia katibu. Ya kwanza ameikubali papo hapo. Ya pili amenijibu kwa neno moja: "Kivipi?"

*Kijana wa bodaboda:* Mwambie tutahesabu milango. Mimi nawapelekea wote gesi, nawajua.