Dada anajibiwa na makocha wa Marekani, kaka hajibiwi, na kaka ndio anapiga gofu vizuri zaidi

Baba Pacha Jinja
Habari zenu jamani. Nina watoto pacha, msichana na mvulana, wako S5 (kidato cha tano), wamekulia kiwanja cha gofu sababu mimi mwenyewe nilibeba mabegi miaka mingi nikiwa kedi kabla sijapata kazi nyingine. Kijana hendikapu yake 4, msichana 7, na kwenye gofu ndogo ndio bora. Mwezi uliopita tumeandikia makocha wa vyuo vya Marekani kuomba nafasi na skolashipu ya gofu, kila mtoto imeli kama 30, maneno yaleyale shule ileile mpaka picha zimepigwa siku moja. Msichana kajibiwa na sita, wawili wanataka waongee naye kwa video. Kijana kajibiwa na mmoja tu, naye kamwambia timu imejaa. Sasa kavimba hataki hata chai anasema nimemharibia barua. Shida iko wapi? Na ni kweli huko wanalipa kila kitu?

mzee_wa_bunka
Ssebo barua haina kosa. Ni hesabu tu. Kuna sheria yao ya 1972, Title IX, inakataza shule inayokula hela ya serikali kuu kubagua wanawake, michezo ikiwa ndani. Sasa ule mpira wao wa kuvaa helmeti ulikuwa unakula skolashipu 85 za wanaume kwa chuo kikubwa kimoja, lazima uzito urudi upande wa pili, ndio maana kwa miaka mingi daraja la kwanza la NCAA, shirika lao kubwa la michezo ya vyuo, timu ya gofu ya wanaume ilikuwa na skolashipu 4.5 na ya wanawake 6. Hiyo 4.5 kocha anaikatakata kama keki ya harusi kwa vijana nane tisa, mmoja anapata nusu, mwingine anapata vitabu tu. Tangu msimu wa 2025/26 vyuo vilivyoingia mpango mpya wa kulipa wachezaji moja kwa moja vina kikomo cha wachezaji 9 kwa kila timu na vinaweza kulipia wote, lakini kuweza na kulipa ni vitu viwili, bana, hela yenyewe bado inakimbilia kwenye helmeti.

Halafu wavulana wanaopiga karibu na pa, yaani mikwaju ileile kiwanja kinayotarajia, wamejaa dunia nzima. Hendikapu 4 kwa mvulana huko ni mtu wa kawaida. Msichana wa 7 kuna timu itamtaka, labda si zile kubwa.

nyabo_wa_ziwani
Mimi nilicheza huko miaka minne, chuo kidogo cha NAIA, shirika jingine la michezo ya vyuo vidogo, sikulipiwa kila kitu, nililipiwa masomo, chakula nikajitafutia. Msichana wako ajue hivi: kuwa kwenye timu si kusafiri. Kila wiki tulikuwa tunashindana wenyewe kwa wenyewe, watano wanaenda, na kwenye mashindano kila raundi zinahesabiwa skoa nne nzuri, ya tano inatupwa. Mimi nimewahi kuwa hiyo ya tano mara nyingi wacha tu.

Na mzee wewe ulikuwa kedi utacheka, huko kedi hakuna. Unabeba mwenyewe, siku ya kwanza mara nyingi mashimo 36, tangu alfajiri mpaka giza, na mwezi wa tatu baridi mpaka fimbo unaisikia kwenye meno. Usiku unafungua kompyuta kwenye basi sababu kesho kuna mtihani. Nilikuwa nakula ndizi mbili kila shimo la tisa, si za matooke jamani.

mzee_wa_bunka
Ongezea hapo: kocha hasomi hendikapu, anasoma skoa za mashindano. Wapeleke Uganda Open na Ladies Open, waandike skoa zote hata ile raundi ya mikwaju 88, na urefu wa kiwanja. Na wakishinda wasiguse zawadi ya hela, wabaki ridhaa.

Kijana asikate tamaa, aache hao wakubwa aandikie NAIA na vile vyuo vya miaka miwili. Daraja la tatu la NCAA hawatoi hela ya michezo kabisa, asipoteze muda huko kama unategemea skolashipu.

nyabo_wa_ziwani
Video piga ukiwa nyuma ya mstari wa mpira, halafu nyingine umemkabili. Simu itulie. Na msimwekee muziki!!

Baba Pacha Jinja
Asanteni sana. Ile video tuliyotuma kumbe ina sandali za kedi zinapita mbele kila akipiga, na mwisho mpira umelala kwenye nyayo ya kiboko, hapa kwetu unaruhusiwa kuuokota bila adhabu, sijui kocha alidhani nini. Jumamosi tunarudia. Kijana nimemsomea majibu yenu kanyamaza kidogo akasema lakini bado anamshinda dada yake kila wiki. Kweli anamshinda. Ameomba nimtafutie orodha ya hivyo vyuo vya NAIA, na chai kanywa.