Mrututu umeniunguzia nyanya, nimekosea wapi?

Mkulima_Mpya: Wakuu habari zenu. Nina robo eka ya nyanya, mvua zilivyokolea bakajani (ugonjwa wa ukungu unaokausha majani) ikaingia nikaambiwa nipulizie mrututu, ile dawa ya bluu ya ukungu, basi nikanunua kilo moja nikauloweka usiku kucha kwenye ndoo ya bati, asubuhi nikaumimina kwenye pipa nikajaza maji mpaka lita 100 nikapuliza. Siku ya tatu majani yameungua kingo zote, na ndoo ndani imeganda kitu chekundu kama kutu. Nimeuziwa feki?

Mwl_Kemia: Pole sana mkuu. Sio feki, hicho chekundu ni shaba yenyewe. Mrututu ni salfeti ya shaba, ukikutana na chuma au zinki ya kwenye bati, shaba inajitoa inaganda pale na ndoo inaliwa. Majani yameungua sababu hukutia chokaa, mrututu mtupu ni mkali. Shuleni tunautengeneza wenyewe, shaba tupu kwenye asidi ya salfa iliyozimuliwa haifanyi kitu hivyo tunatumia oksidi yake, ule unga mweusi, tunatia kidogo kidogo asidi ikiwa ya moto mpaka unga ubaki chini, tunachuja, tunachemsha maji yapungue, tunaacha ipoe. Kesho yake unakuta chenga za bluu zinang'aa. Ukizikaanga zinakuwa unga mweupe, dondoshea tone la maji bluu inarudi palepale, watoto wanapenda hapo!

Mama_Kahawa: Mwanangu, sisi kwenye kahawa tunapulizia huu kuzuia chulebuni (ugonjwa wa kuozesha buni) na kutu ya majani. Mrututu kilo 1, chokaa kilo 1, maji lita 100. Yeyusha mrututu kwenye plastiki, chokaa koroga pembeni, halafu mimina maji ya mrututu kwenye chokaa taratibu huku unakoroga. Chovya msumari safi dakika moja, ukitoka na rangi ya shaba ongeza chokaa. Puliza siku hiyohiyo, ukilala hauna kazi. Na ujue unazuia tu, jani lililokwisha kuoza halirudi.

Mkulima_Mpya: Asante sana mama, asante mwalimu. Yaliyobaki kwenye pipa nimwage mtoni?

Mwl_Kemia: Hapana kaka, usithubutu, shaba kidogo tu inaua samaki. Yatilie chokaa leo, yakipita msumari kamalizie kwenye mistari ambayo haijaugua, ila vaa glovu na funika macho.